Msaada: Carina Ti inanuka petroli ndani na inakula mafuta kupita kiasi

Mama_Wawili

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wajuzi wa magari, maana hapa nilipofika kila fundi ana lake.

Gari ni Toyota Carina Ti, AT212, ya mwaka 1998, injini 5A-FE ya cc 1,498, otomatiki. Natoka nayo Tegeta kwenda Posta na kurudi, na asubuhi nawapitisha watoto shule. Zamani lita moja ilinipeleka kilomita 11 hadi 12, foleni ikiwemo. Sasa mshale unashuka huku nautazama. Nimepima kwa kujaza mpaka pampu ya sheli ijikate yenyewe, nikatembea kilomita 214, nikarudi kwenye pampu ile ile zikaingia lita 32.4. Hiyo ni kilomita 6.6 kwa lita.

Na kuna harufu ya petroli. Naisikia nikisimama kwenye foleni vioo vikiwa chini, na siku nikijaza tangi inasikika mpaka kiti cha nyuma. Mwanangu mdogo ameanza kutapika njiani. Asubuhi gari inawaka vizuri. Ila ikiwa ya moto, nikiizima kama dakika ishirini hivi, kuwasha ni shughuli: inazunguka sana, halafu ikishika inatoa moshi mweusi kwa nyuma. Taa ya injini kwenye dashibodi haijawahi kuwaka.

Fundi wa kwanza kabadilisha plagi na filta ya hewa. Wa pili kasafisha nozeli, zile zinazopuliza petroli kwenye injini. Wa tatu anasema injini imechoka, nitafute nyingine ya mtumba. Hela ya injini siyo ndogo na sitaki kuitoa kwa kubahatisha. Naombeni mnisaidie kujua pa kuanzia.

Spana_14

Pole dada. Kabla ya ulaji wa mafuta tuanze na hiyo harufu ya kiti cha nyuma, kwa sababu ndiyo inayoweza kuleta msiba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kutulia: kwenye buti, chini ya viti, kwenye shimo la gereji. Ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa ya mahali hapo, cheche moja inatosha. Na gari la umri huo, waya za plagi zikishachakaa zinarusha cheche bila wewe kujua.

Kwa hiyo watoto wasipande mpaka ijulikane inavuja wapi. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na kiti chako, siyo chini ya mizigo kwenye buti. Na fundi atakayetafuta uvujaji huku sigara iko mdomoni, chukua ufunguo wako uondoke.

Nisaidie mambo mawili. Chomoa dipstiki ya oili uinuse, utuambie inanuka petroli au la. Halafu fungua swichi bila kuwasha injini: ile taa ya injini inawaka pamoja na ya oili na ya betri? Kama haiwaki hata hapo, basi usiitegemee kukuambia kitu.

Kijana_Kimara

Dada hayo ni mafuta machafu tu, kuna sheli zinachanganya na mafuta ya taa. Hama kituo. Halafu mwambie fundi asafishe ile sensa ya hewa kwenye bomba la filta, kwenye Toyota IST yangu ilisaidia sana.

Babu_Karakana

Kijana wangu wa Kimara, umesema kwa nia njema, ila hapa tutampoteza. IST yako ina sensa ya kupima hewa kwenye bomba la filta. Hii 5A-FE haina. Yenyewe inapima vakyumu (nguvu ya kufyonza) ya manifodi, lile bomba linalogawa hewa kwa silinda, kwa kisensa kilichofungwa kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini, kimeungwa kwa mpira mwembamba. Atalipia kusafishiwa kitu ambacho hakipo kwenye gari lake. Na mafuta ya taa: mchezo huo ulikuwepo kweli, ndiyo maana ushuru wake ulipandishwa mwaka 2011 na mafuta yakawa yanawekewa vinasaba vya kutambua uchakachuaji. Lakini petroli iliyochakachuliwa ingeifanya injini igonge na kukosa nguvu. Haiwezi kuleta harufu kwenye kiti cha nyuma.

Sasa binti yangu Mama Wawili. Umeeleza vizuri sana, na hilo la kugoma kuwaka ikiwa ya moto ndilo lililonivuta. Sikiliza.

Kwenye reli inayogawa petroli kwa nozeli kuna kidude cha chuma, kidogo, kinaitwa regulata ya presha ya mafuta. Ndani yake kuna utando wa mpira. Upande mmoja wa utando kuna petroli yenye presha, upande wa pili kuna mpira mwembamba unaokwenda kwenye manifodi. Utando ukitoboka, injini inafyonza petroli mbichi kupitia ule mpira, moja kwa moja, bila kupita kwenye nozeli. Kompyuta ya gari haijui kama petroli hiyo ipo. Ukizima gari, presha iliyobaki kwenye reli inaendelea kuchuruzika ndani ya manifodi. Ukija kuwasha baada ya muda mfupi, injini imejaa petroli kupita kiasi: inazunguka, inashika kwa shida, inatema moshi mweusi. Ndivyo ulivyoandika wewe.

Kuipima hakuhitaji mashine. Washa gari mpaka lipate moto, zima, kisha chomoa ule mpira mwembamba juu ya regulata. Unatakiwa kuwa mkavu kabisa. Ukiona petroli ndani, hata tone, au ukinusa ikapanda, regulata imekufa na haitengenezwi, inabadilishwa. Fundi mwenye geji ya presha atathibitisha: mpira ukiwa umechomolewa, reli inatakiwa kusoma karibu baa 2.7 hadi 3.0, na ukirudishwa injini ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, inashuka.

Kama mpira ni mkavu, tuhamie kwingine. Ule mpira wa kisensa cha vakyumu ukipasuka, kompyuta inadhani unapanda mlima na mzigo, inamimina mafuta. Nozeli inayovujia ndani nayo inaleta dalili hizi hizi za kuwasha. Lakini anza na regulata. Kazi ya dakika tano.

Fundi aliyesema injini imechoka, muulize alipima kompresheni, yaani presha ya kubana hewa ndani ya silinda, na ikasoma ngapi kila silinda. Kama hakupima, hana msingi wa kukupeleka kununua injini.

Dereva_wa_Moro

Naongezea jambo ambalo kwa mazingira yetu linasahaulika sana: themostati, kidude kinachozuia maji ya kupoza yasizunguke mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi gari likichemsha kidogo wanaitoa na kuitupa, wanasema huku kwetu ni joto haihitajiki. Kwa injini za zamani za kabureta mtu alikuwa anaweza kupita nayo. Kwa gari la nozeli ni hasara ya kila siku. Themostati ya injini hizi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, na ukiwa barabara ya wazi injini haifiki joto lake. Sensa ya joto la maji inaiambia kompyuta kwamba injini bado ya baridi, nayo inaendelea kuongeza mafuta kama ni asubuhi.

Dada, mshale wa joto kwako unakaa wapi ukiwa Bagamoyo Road hakuna foleni? Ukikaa chini ya robo, fungua utazame kama themostati ipo.

Na hiyo sensa ya joto yenyewe inapimika kwa mita ya umeme. Injini ikiwa ya baridi inasoma takriban kilo-omu 2 hadi 3, ikipata moto inashuka hadi omu 200 hadi 400. Ikibaki juu wakati injini ni ya moto, imekufa.

Mama_Wawili

Asanteni sana jamani, mmenifungua macho. Watoto nimewapandisha daladala kwanza.

Dipstiki inanuka petroli, na oili iko juu ya alama wakati sijaongeza. Taa ya injini haiwaki hata nikifungua swichi. Mshale wa joto unapanda kwenye foleni, nikipata barabara ya wazi unashuka karibu na C, upande wa baridi.

Spana_14

Basi balbu ya hiyo taa imetolewa au imezibwa. Ni ujanja wa kuuza gari, unakutana nao kila mahali. Rudisha balbu, gharama yake ni ndogo, kisha usome kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, bila kulipia mashine. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye mfuniko. Ndani yake kuna matundu yenye majina. Unga TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha, hesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kodi. Mbili halafu moja ni 21, sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi. 22 ni joto la maji. 31 ni kisensa cha vakyumu. Kuwa makini usikosee tundu, soma jina kwanza.

Babu_Karakana

Hiyo oili ndiyo imenitia wasiwasi zaidi ya yote. Petroli inapita kwenye ringi za pistoni inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili inakuwa nyepesi, haibebi tena vyuma. Ukiendelea hivyo, ule uongo wa "injini imechoka" utakuwa kweli. Usisafiri nayo mbali. Ukishatengeneza, mwaga oili yote na filta yake, hata kama uliibadilisha juzi. Usimwage kabla, utaipoteza.

Na uendeshe vioo vikiwa wazi. Injini inayochoma mafuta mengi inatoa kaboni monoksidi kwa wingi, na hewa hiyo haina harufu wala rangi. Kama mpira wa mlango wa buti umekatika, inaingia ndani. Kutapika kwa mtoto huenda si harufu tu.

Mama_Wawili

Wakuu, nimerudi na majibu.

Nilisimama mwenyewe pale gereji, nikamwomba fundi achomoe ule mpira wa regulata mbele yangu. Petroli ilidondoka. Akafungua kwenye themostati, hakuna kitu, pameachwa tupu. Nimenunua regulata na themostati pale Gerezani, Kariakoo, zote zimefungwa, oili na filta mpya. Balbu imerudishwa na kodi iliyotoka ni 21.

Kuwasha ikiwa ya moto sasa ni mara moja tu. Nimepima tena kwa pampu ile ile, imekuja kilomita 10.4 kwa lita. Je, ninunue na sensa ya oksijeni? Fundi anasema lazima. Na harufu ya nyuma bado ipo nikijaza tangi, ya mbele imeisha.

Babu_Karakana

Hongera binti yangu. Sensa usinunue bado. Ilikuwa inapumua masizi muda wote huo, na masizi yanaweza kuungua yenyewe ukitembea barabara ya wazi injini ikiwa na joto lake. Chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa sekunde kama thelathini kodi ifutike, tembea, soma tena. Ikirudi 21, hapo nunua, na iwe mpya. Sensa ya oksijeni ya mtumba ni kununua uchovu wa gari la mwenzako.

Harufu ya nyuma ni tatizo la pili, halihusiani na regulata. Inua kiti cha nyuma. Chini yake kuna kifuniko cha bati, na chini ya hicho kuna pampu ya mafuta na mipira yake. Gasketi ya pampu ikikauka, tangi likiwa limejaa petroli inapanda mpaka pale na mvuke unatoka. Likishuka nusu, harufu inaisha. Kagua pia mpira mnene unaotoka kwenye mdomo wa kujazia, unapasuka upande usioonekana. Ukibadilisha mpira wowote, uwe wa petroli. Mpira wa maji au wa gesi ya kupikia unavimba na kuachia.

Dereva_wa_Moro

Na ukijaza, pampu ikijikata yenyewe mara ya kwanza mwambie mhudumu aishie hapo. Wale wanaoongeza mpaka namba ifike elfu kamili wanasukuma petroli kwenye kanista ya mkaa, ile inayonyonya mvuke wa tangi. Ikilowa, harufu inakaa na ulaji unapanda tena.

Mama_Wawili

Tumeinua kiti. Gasketi ilikuwa ngumu, imepasuka upande mmoja, na pembeni ya kifuniko pamelowa. Mpira wa kujazia ni mzima. Gasketi mpya imefungwa, nimejaza tangi, nimelala na gari limefungwa vioo, asubuhi nimefungua mlango hakuna harufu. Kodi 21 haijarudi mpaka sasa. Watoto wamepanda leo.

Kijana_Kimara

Babu, nimejifunza. Jirani yangu ana Corolla 110 yenye 5A hiyo hiyo na inamsumbua kuwasha ikiwa ya moto, ila haina moshi mweusi wala harufu. Naye aanze na regulata?

Babu_Karakana

Achomoe mpira autazame, hakuna gharama. Lakini bila moshi na bila harufu, mimi ningeshuku cheche kwanza. Koili inayozalisha umeme wa cheche, iliyo ndani ya distributa (kigawa cheche) za injini hizo, inakufa ikipata joto na inafufuka ikipoa. Siku ikigoma, achomoe waya mmoja wa plagi, aweke plagi ya zamani, aiegemeze kwenye chuma cha injini mbali na mipira ya mafuta, mtu mwingine apige stata. Cheche ikiwa hafifu ya njano au haipo kabisa, tatizo liko hapo.