TUPEANE UZOEFU: Kumfundisha mwanafunzi wa Mombasa kufika shule salama, na bila kuongeza foleni

Maalim wa Kisauni (mwenye uzi)

Assalam aleikum wadau. Uzi huu ni wa walimu, wazazi, mafundi, madereva na yeyote anayeshika somo la usalama barabarani hapa kwetu. Wimbo wa "tazama kulia, tazama kushoto" watoto wanao, wauimba hata usingizini, na kengele ikilia wanatoka mbio bila kutazama popote. Kwa hiyo tuwekeane mbinu zenye vipimo: kamba ya mita ngapi, chaki ichorwe wapi, somo huharibika wapi. Visa vya "siku moja mimi" tuviache, vinakula nafasi.

Naanza na kuvuka. Pima barabara iliyo mbele ya shule yako. Ya njia mbili huwa na upana wa kama mita 7. Mtoto anayetembea kawaida huenda mita 1 hivi kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 7. Gari la kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu kisheria mjini, linakula karibu mita 14 kila sekunde. 14 mara 7 ni 98. Gari likiwa karibu kuliko mita 100, havuki mtu.

Sasa mwambie mtoto wa Gredi 4 "mita 100" uone kama amepata kitu. Nunua kamba ya nailoni, funga kitambaa chekundu kila baada ya mita 10, itandazeni uwanjani. Mmoja asimame mwanzo, mwingine mwisho akiwa ameshika kadibodi iliyochorwa matatu. Watoto hushtuka jinsi matatu ilivyo mbali. Kisha toka nao hadi getini, mbaki ndani ya uzio, mtafute mlingoti wa stima ulio karibu na mita 100 kutoka mahali pa kuvukia, kila upande. Kuanzia hapo sheria ya shule ni mlingoti: gari likishaupita, subiri. Milingoti haipandwi kwa umbali mmoja, usinakili ya shule jirani.

Somo huharibika hapa: barabara ina magari ya kilomita 80. Hayo yanakula mita 22 kwa sekunde, na zile sekunde 7 zinakuwa mita 155. Pima mlingoti mwingine. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka 9 au 10 usijisumbue na hesabu hii, kwa sababu jicho lake huona umbali wa gari lakini halijaweza kupima kasi. Huyo mfundishe *mahali* pa kuvukia, wakati wa kuvuka uamuliwe na mkubwa aliyemshika kifundo cha mkono. Si vidole, vidole huchomoka.

Konda Mstaafu

Umesema vyema maalim, ongeza mkono wa dereva. Barabara ya njia mbili kuelekea upande mmoja, kama ile ya Mombasa kwenda Malindi pale Nyali na Bamburi, dereva wa njia ya kwanza husimama akampungia mtoto mkono: pita mwanangu. Mtoto hupita kwa adabu, kichwa chini, kumbe njia ya pili kuna Nissan inayoipita hiyo iliyosimama na dereva wake hamwoni kabisa. Wema wa mtu mmoja unageuka mtego.

Chora uwanjani kwa chaki njia mbili, weka watoto wawili wawe magari. Anayevuka afike ubavuni mwa gari la kwanza, *asimame*, atoe kichwa, atazame njia ya pili, ndipo aendelee. Rudieni mara kumi kumi. Mara tatu haitoshi, mwili haujashika.

Na steji: ukishuka matatu usivuke mbele yake wala nyuma yake. Gari zetu hukaa kushoto na mlango uko kushoto, kwa hiyo anayeishi upande wa pili lazima avuke. Akae pembeni hadi gari liondoke. Sekunde ishirini tu, lakini ndizo ngumu kuliko zote kumfundisha mtoto mwenye njaa.

Mama Watano

Swali: atembee upande gani pasipo njia ya miguu? Kila mmoja ananiambia lake.

Maalim wa Kisauni

Kulia, ayaone magari yanayomjia. Baskeli ni kinyume, inakwenda kushoto pamoja na magari. Wape kwa ufupi: *miguu kulia, magurudumu kushoto.* Watoto huchanganya kwa sababu mchana wanatembea na jioni wanaendesha.

Fundi Spoki, Majengo

Basi ngoja niseme ya baskeli, maana watu hununua baskeli wakadhani wamemaliza.

Kujifunza mizani: ondoa pedeli zote mbili, teremsha kiti hadi nyayo zikanyage chini zote, mtoto ajisukume kwa miguu kama bata. Spana namba 15. Pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume, hufunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Wengi huilazimisha upande usio wake wakaharibu mkono wa pedeli, kisha waniletee wakisema baskeli ni mbovu. Akiweza kuteleza mita 20 miguu juu bila kugusa chini, rudisha pedeli. Hakuna kumshika kiti kwa nyuma ukikimbia naye, hapo anajifunza kukutegemea wewe.

Kabla ya kutoka, vitu vitatu. Upepo: bonyeza tairi kwa dole gumba, likiingia ndani kwa urahisi jaza. Breki: kamata mkono wa breki hadi mwisho, pabaki nafasi ya vidole viwili kabla haujagusa usukani, kisha sukuma baskeli mbele umeshika breki moja moja. Cheni: ibonyeze katikati, icheze kama sentimita 1 au 2. Ikilegea zaidi hutoka, ikikaza sana hukatika. Mafuta ni ya cherehani, tone moja kila pingili, kisha futa kwa kitambaa. Oili nzito ya injini hukusanya mchanga na kuwa msasa. Na huku kwetu pwani chumvi haina huruma: pangusa kwa kitambaa cha maji baridi angalau mara moja kwa wiki, kausha, ndipo upake.

Nguo nayo. Wanaokwenda madrasa jioni wamevaa kanzu na mabuibui. Buibui huingia kwenye spoki za nyuma au kwenye cheni, likishaingia halitoki kwa kuvuta mbele. Simama, zungusha pedeli *nyuma*. Dawa ni kava ya cheni, neti juu ya gurudumu la nyuma, suruali ndani, na buibui likusanywe likabanwe kwa pini kubwa ya nepi. Mkoba ubebwe mgongoni. Ukining'inizwa kwenye usukani unayumba hadi kuingia gurudumu la mbele, na hapo mtoto huruka juu ya usukani.

Mama Watano

Na helmeti fundi? Mayai ya majaribio darasani (yai lavikwa sponji kama helmeti, kisha laangushwa) mwayaonaje, maana kwangu kuna mzazi alilalamika chakula chatupwa.

Fundi Spoki, Majengo

Yai moja latosha, ambalo tayari lina ufa wa dukani. Tatizo la lile jaribio ni sponji nene kuliko iliyo kwenye helmeti yenyewe, linadanganya. Kuvaa ndiko muhimu: ukingo uwe vidole viwili juu ya nyusi, mikanda iungane chini ya sikio, chini ya kidevu papite kidole kimoja. Tikisa kichwa, ikicheza haijakaa. Helmeti ya bodaboda ya mtu mzima juu ya kichwa cha mtoto inazunguka ikamziba macho, na ikishapigwa chini kwa nguvu mara moja kazi yake imekwisha hata kama haina ufa.

Konda Mstaafu

Bodaboda ni abiria mmoja kisheria, helmeti na jaketi la riflekta kwa wote wawili. Wale watoto watatu na mikoba yao wanaopangwa kama samaki, mzazi ndiye aliyekubaliana nauli, tusimsingizie mtoto. Mfundishe kupanda na kushuka kushoto. Pikipiki nyingi ekzosi iko kulia na shavu la mguu laungua papo hapo. Tuktuk ni watatu nyuma. Gurudumu la mbele ni moja, ikikata kona kwa kasi huinuka upande mmoja, kwa hiyo mikono na vichwa ndani.

Mwl. Hisabati, Tudor

Mimi nipewe upande wa mazingira, lakini kwa namba.

Shule iko kilomita 4. Gari la nyumbani laenda na kurudi asubuhi, laenda na kurudi jioni, hizo ni kilomita 16. Likila lita 1 kwa kilomita 10, ni lita 1.6. Lita ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za kaboni dioksidi. Jumla kama kilo 3.7 kwa siku, kwa mtoto mmoja. Mwanafunzi mwerevu atauliza: lita haifiki hata kilo, kilo 2.3 zatoka wapi? Mngojee huyo swali. Kaboni ya petroli inaungana na oksijeni ya hewani, na uzito mwingi ni wa hiyo oksijeni. Sasa matatu ya petroli, viti 14, lita 1 kwa kilomita 8: kilomita 4 kwenda na 4 kurudi ni lita 1, gawanya kilo 2.3 kwa 14, ni gramu 160 hivi. Ikiwa nusu tupu, zidisha kwa mbili.

Hesabu pekee huwasinzisha. Nenda uwanjani na ile kamba ya maalim. Gari dogo lina urefu wa kama mita 4.5, ongeza mita 1 ya nafasi, mara 14 ni mita 77. Panga watoto 14, kila mmoja na mita zake 5.5. Kisha wote 14 waingie kwenye mstatili wa mita 5 kwa 1.8. Wakishabanana hapo wakicheka, waulize foleni ya Nyali Bridge inatoka wapi.

Ila tahadhari, na hili nalisema kwa uzito. Watoto wengi wa mji huu wanatembea kwa sababu nauli hakuna. Ukisimama mbele yao na bango la "tembea uokoe mazingira" unawakejeli. Hao tayari ni safi kuliko sisi sote, wanachodai ni njia. Wape karatasi, wachore safari ya nyumbani hadi shule, alama nyekundu panapowatisha: mkokoteni unapobana ukingo, mtaro usio na mfuniko, zebra iliyofutika. Karatasi thelathini zikiwekwa juu ya ramani moja, nyekundu hujikusanya mahali pawili au patatu. Hapo ndipo pa kuombea matuta. Lakini jua kwanza barabara ni ya nani: barabara kuu ni za KeNHA (mamlaka ya barabara kuu za taifa), za mjini baadhi ni za KURA (mamlaka ya barabara za miji), nyingine ni za kaunti. Barua ikienda ofisi isiyo yake inalala huko. Ambatisha hesabu ya magari na watoto wanaovuka kwa dakika 15, asubuhi, siku tatu tofauti.

Bi Mkubwa wa Mikindani

Kwa wadogo, kuna basi la miguu, yaani watoto kutembea pamoja kwa msafara. Mkubwa mmoja mbele, mmoja nyuma, watoto wanane kwa kila mkubwa, wa PP1 na PP2 (chekechea) wanne tu. Vituo na saa viandikwe, na *lisingoje mtu*. Likingoja mara mbili, wiki ya tatu wote wanachelewa na linakufa. Wa nyuma ndiye mwenye kazi, kwa hiyo awe ndiye mzoefu.

Tazameni na jua. Mwezi wa 7 hapa huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, mwezi wa 11 karibu saa kumi na mbili kamili. Basi la saa kumi na mbili na robo lililo na mwanga Novemba liko gizani Julai. Sogeza saa, au wabandike utepe wa riflekta kwenye mikoba. Sare ya bluu iliyokoza haionekani hata kidogo.

Baharia wa Likoni

Mmesahau feri, na maelfu wavuka kwa miguu kila siku tena bure.

Chukua beseni la maji na kopo pana la plastiki. Weka kokoto kumi katikati, linaelea. Sogeza hizo hizo kumi upande mmoja, linalala. Ongeza hadi ukingo ukaribie maji, liguse kidogo kwa kidole. Sasa waambie kuhusu ajali ya feri ya Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994: watu 272 walikufa feri iliyojaa kupita kiasi ilipopinduka. Baada ya hapo hawatauliza tena kwa nini geti limefungwa na nafasi yaonekana ipo, wala kwa nini wasikimbilie wote upande mmoja kutazama meli.

Kwenye mteremko, sehemu ya chini inayolowa maji ina ukungu wa kijani, unateleza kuliko sabuni. Hatua fupi, unyayo mzima, hakuna kuruka pengo. Mkoba uhamie kifuani ndani ya msongamano. Na asisimame baina ya magari mawili: feri ikigusa nchi kavu husukumika, gari lisilo na breki ya mkono husogea.

Maalim wa Kisauni

Ahsanteni. Anayeanza wiki hii aanze na kamba. Ikivutwa na watoto arobaini hurefuka, kwa hiyo ipimeni upya kila muhula kabla ya kuitoa uwanjani.