Kamera ya Marehemu Babu na Kifuniko Chake

Kikundi: Ukoo wa Tororo. Jumatano jioni.

Mjomba wa Tororo: Ndugu zangu, poleni na kazi. Ninaleta taarifa kwamba ile kamera ya marehemu Mzee, Pentax K1000 ambayo tulikubaliana itumike siku ya kwanjula, yaani sherehe ya kutambulisha wachumba kwa wazazi, Jumamosi, nimeifungua leo ili niitengeneze, kwa sababu sindano ya kupima mwanga ilikuwa haisogei hata ukiielekeza kwenye jua. Kazi imekwenda vizuri kwa kiasi kikubwa. Zimebaki skrubu tatu na springi moja ambazo sikuona zilikotoka, lakini kamera imefunga.

Mama Mkubwa wa Jinja: Mdogo wangu, hata sanduku hufunga. Sisi tunauliza kama imepona.

Mjomba wa Tororo: Imepona, Dada, ila haioni mbali. Mtu aliyesimama hatua tatu kutoka kwangu ninamwona mpaka kope, lakini Mwamba wa Tororo, ambao hata Mama huuona bila miwani akiwa ameketi barazani, umekuwa kama moshi wa kuni mbichi.

Mpwa wa Kampala: Shikamoo Mjomba. Naomba kuuliza, je, lenzi nayo uliifungua?

Mjomba wa Tororo: Marahaba. Niliizungusha tu ili nifute vumbi. Pete ikazunguka, ikazunguka, halafu ikabaki mkononi mwangu.

Mpwa wa Kampala: Basi mwamba umepotelea hapo. Nyuzi za pete hiyo, kama zile za skrubu, zina mianzo kadhaa, na ukiirudisha kwa mwanzo usio wake, inaingia kwa upole kabisa bila kukuonya, lakini lenzi inasimama mahali pasipo pake na vitu vya mbali havikazi tena. Mafundi huchora alama ndogo kwa ncha ya sindano kabla ya kuitoa, ili wakumbuke ilipoachia.

Mkazamjomba wa Tororo: Nanyi mnaongea habari za alama na nyuzi kana kwamba hilo ndilo lililotokea leo! Mwambieni awaeleze habari ya flashi, ile inayochomekwa juu ya kamera.

Mjomba wa Tororo: Hilo ni jambo dogo.

Mkazamjomba wa Tororo: Kwa kuwa yeye anaona haya, nitaeleza mimi. Nilikuwa nimekaa chini ya mwembe nikichambua mchele kwenye ungo, naye yuko mezani karibu yangu na bisibisi yake, akinihakikishia kwamba ile flashi haiwezi kumdhuru kwa kuwa betri alizitoa tangu jana usiku. Sikumaliza kumwitikia. Nilisikia mlio kama wa fataki, nikaona mkono wake umepaa juu, na kisahani alichokuwa ametunzia skrubu kikamwagika chote ndani ya ungo wangu. Kuku walikimbia, na mmoja mpaka sasa hajarudi.

Mama Mkubwa wa Jinja: Pole sana, na umshukuru Mungu. Lakini wewe mtu mzima, betri zimetoka, umeme ulitoka wapi?

Mpwa wa Kampala: Ulikuwa umo ndani, Mama Mkubwa. Flashi huchukua umeme mdogo wa betri, ikaukuza hadi kama volti 300, ikauhifadhi kwenye kapasita, na kapasita haijui kwamba betri zimetolewa. Inaweza kukaa na shehena yake siku kadhaa ikimngoja mtu aje na bisibisi. Umeme wa ukutani ni volti 240, kwa hiyo Mjomba asidhani kwamba alichezea kitu cha watoto.

Baba Mdogo wa Kasese: Shemeji, pole. Mimi nami sina la kujivunia, kwa sababu darubini ya mwanangu ilipovunjika ukingo, niliibandika kwa supagluu, nikaifungia ndani ya kisanduku chake ikauke bila kuguswa na mtu. Asubuhi vioo vyote vilikuwa na utando mweupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Kumbe mvuke wa gundi ile, ukikosa pa kutokea, hutua kwenye kioo. Ukingo kwa kweli umeshika vizuri sana. Tatizo ni kwamba hakuna kinachoonekana.

Mama Mkubwa wa Jinja: Kwangu ni feni. Mume wangu aliipishanisha nyaya alipobadilisha kapasita, na sasa inazunguka kinyumenyume. Badala ya kunipulizia, inavuta pazia. Nilipomwambia, akanijibu kwamba nihamie upande wa nyuma, na kwa kuwa joto lilikuwa kali, nilihamia.

Baba Mdogo wa Kasese: Na ile pasi je?

Mama Mkubwa wa Jinja: Ya pasi nisingependa kuyaandika, ila kwa kuwa umeuliza: fyuzi ya joto ilikatika, naye akaunganisha pale kipande cha waya, akasema ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Pasi ilipata moto bila kikomo, ikala uniti za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, za siku mbili, na kanzu atakayovaa Jumamosi sasa ina umbo la pasi mgongoni. Tumeamua kwamba koti halitavuliwa, liwake jua lisiwake.

Mjomba wa Tororo: Tafadhali turudi kwenye kamera. Nimeipeleka kwa fundi mmoja mjini jioni hii. Aliitazama, akaniuliza kama imeshafunguliwa na mtu, nami nikamwambia ndiyo, na mtoto. Akasema kutengeneza kamera ni bei moja, na kutengeneza kamera iliyotengenezwa ni bei mbili.

Mpwa wa Kampala: Mjomba, naomba unisamehe kwa nitakalosema. Kamera ile ni ya chuma na springi, inapiga picha bila betri yoyote. Betri moja ndogo, LR44, mfano wa kifungo cha shati, hutumika kwa sindano ya mwanga peke yake. Tena sindano hiyo haina swichi ya kuizima; kinachoizima ni giza, yaani kifuniko cha lenzi. Kifuniko kikiwa hakipo, betri inaliwa usiku na mchana. Nadhani kamera haikuwa mbovu hata kidogo.

Mjomba wa Tororo: Unamaanisha kwamba kabla sijaifungua ilikuwa nzima?

Mpwa wa Kampala: Ilikuwa na njaa tu, Mjomba.

Mkazamjomba wa Tororo: Nimecheka mpaka wali unaungua. Na kabla hamjauliza, springi ya pili nimeipata ndani ya wali huohuo. Skrubu bado tunazitafuta, kila mtu kwa meno yake.

Mpwa wa Kampala: Nitaleta betri Ijumaa. Kuna mtu anayejua kifuniko kilikokwenda? Ni cheusi, cha mviringo, chenye kipenyo cha milimita 49.

Bibi (kwa simu ya mjukuu): Wanangu, hamjambo. Hicho kifuniko ni chembamba, kina maandishi meupe, na ukikibonyeza pembeni kinalegea?

Mpwa wa Kampala: Ndicho hasa, Bibi! Umekiona wapi?

Bibi (kwa simu ya mjukuu): Ninafunikia kikombe cha chumvi tangu Pasaka, na kinabana vizuri. Anayekitaka aje na kifuniko kingine mkononi, maana sisimizi wa jikoni kwangu hawangoji kwanjula.