Naomba ushauri: nyuki weusi wanaotetemeka mlangoni mwa mzinga, Septemba

Wadau wa nyuki, naombeni msaada. Mzinga uko kusini mwa Uingereza, mchana ni nyuzi 14. Chini ya mlango kuna nyuki wanaotambaa kwenye majani, wanatetemeka na hawaruki. Baadhi wamenyonyoka vinyweleo, weusi wa kung'aa, na walinzi wanawasukuma nje. Madume kufukuzwa sishangai, ndio msimu wake; hawa ni vibarua, yaani nyuki wafanyakazi.

Uporaji (nyuki wa mizinga mingine kuja kuiba asali) nao hunyonyoa vinyweleo, ila sioni ugomvi wala vipande vya nta sakafuni, na mlango nimeubana upana wa nyuki wawili. Utitiri wa varroa nimepima: nusu kikombe cha nyuki wa fremu za majana, yaani watoto wa nyuki (kama 300, bila malkia), nikawatikisa na sukari ya unga, wakadondoka 4. Mabawa hayajakunjamana kama inavyotokea utitiri ukizidi. Nashuku kirusi cha kupooza, kile kinachoenea nyuki wakisongamana.

Niondoe sakafu kabisa wagonjwa waangukie nje, au baridi itawamaliza? Malkia je, nimbadilishe sasa au nisubiri machipuko? Sharubati (sukari kilo 2, maji lita 1) wanainywa vizuri.