Tupeane uzoefu: Ulimjuaje mhusika wako mpaka akawa mtu?

Mtunzi wa Usiku
Wakuu, salaam. Jana nimefuta sura nne na leo kichwa bado kinagonga. Mhusika wangu ni mlinzi, huu ni mwezi wa tano niko naye. Nikamfikisha nyumbani alfajiri, akamkuta mkewe anafungasha nguo. Basi, hapo hapo nikakwama. Nusu saa nzima sijui huyu mwanamume atasema nini. Umri wake ninao, kovu la kwenye nyusi ninalo, mpaka jina la babu yake nimeliandika. Lakini akiachwa, atalia? Atatukana? Atanyamaza amsaidie kubeba sanduku? Waliowahi kukwama hapa watusimulie walivyojinasua. Nadharia za darasani ninazo, naomba yaliyowakuta.

Nukta na Mkato
Yamenikuta hayo hayo, tena ukurasa wa mia na kitu. Nafuatilia.

Kalamu Butu
Mkuu, mimi hujaza daftari kabla sijaandika sentensi hata moja. Maswali yangu yamepita sitini: alizaliwa wa ngapi, anapenda rangi gani, analala upande upi, analipa madeni au anakwepa. Nikimaliza, mtu huyo namtambua hata gizani.

Mzee wa Rasimu
Butu, kwa heshima zote, mwenzio kajaza daftari ndiyo maana kakwama. Rangi anayoipenda itamfaa nini mke akiwa mlangoni? Mtu humjui kwa fomu, unamjua siku maji yamezidi unga. Andika rasimu yote hata ikiwa mbovu, atajitokeza njiani. Wangu alijitokeza ukurasa wa themanini, nikazirudia zote themanini.

Kalamu Butu
Kurasa themanini za kutupa, nawe unaita hiyo njia? Na swali la madeni umeliruka makusudi. Kuna mama nilimtunga, analipia kila mtu madeni ila la mama yake mzazi. Hadithi nzima ilitoka kwenye jibu hilo moja.

Mzee wa Rasimu
La madeni nakubali. La rangi hapana.

Mwalimu wa Jioni
Mtunzi amekataa nadharia, lakini hii moja inamhusu. E. M. Forster, mwandishi wa riwaya Mwingereza, mwaka 1927 aliwagawa wahusika kuwa bapa, wenye sifa moja tu, na duara, wenye pande nyingi kama watu halisi, na tunafundisha hivyo mpaka leo. Kipimo chake cha mhusika duara kilikuwa hiki: anaweza kutushangaza, na bado tukamwamini? Wanafunzi wangu hukariri mgawanyo, kipimo wanakisahau. Mlinzi wako hajawahi kukushangaza, mkuu. Kila alichofanya mpaka sasa ulimtuma wewe.

Mtunzi wa Usiku
Hii imenichoma, mwalimu. Ni kweli.

Binti Karatasi
Sikupanga kuandika, ila hilo neno "kushangaza" limenirudisha mbali.

Niliwahi kuandika hadithi ya dada mkubwa anayelea wadogo zake baada ya mama kufariki. Nilimchota kwa dada yangu mwenyewe, sifichi. Dada alikuwa akitupigia pasi usiku sisi tumelala, na kila gauni akilimaliza analinusa kwapani kabla ya kulitundika. Likinuka, analirudisha kwenye beseni saa hiyo hiyo. Hilo nililiweka kama lilivyo. Lakini mhusika akatoka mwema mno, hana damu. Waliosoma walisema "anapendeza", wakaendelea na mambo yao.

Nikajiuliza: anayenusa nguo za wenzake kila usiku, za kwake anazinusa nani? Lazima kuna siku alitaka kitu kiwe chake peke yake. Nikamwandikia siku hiyo. Baba ameacha ada ya mdogo wa mwisho kwenye kopo. Dada anaichukua, ananunua viatu vyekundu, anavivaa chumbani mlango umefungwa, anavivua, anavificha. Mdogo anarudishwa kutoka shule, na nyumba nzima inaamini mwizi aliingia. Ukurasa ule niliuandika nalia. Ndiyo mara ya kwanza nilimpenda yule mwanamke.

Hadithi ikatoka, dada akaisoma. Akanipigia usiku, sauti ya chini, akauliza neno moja tu: "Umejuaje?"

Jamani, sikujua! Wizi ulitokea kweli, na mtoto aliyekaa nyumbani muhula mzima ni mimi. Niliazima tukio, mwizi nikamtunga. Dada akaniambia havikuwa viatu. Ilikuwa saa ya mkononi. Kisha akakata simu, na hatukuzungumza miezi minane.

Nukta na Mkato
Nimesoma nimesimama. Pole sana, Binti.

Msomaji Kimya
Tunaomba mwendelezo. Mlinzi atusubiri kidogo.

Kalamu Butu
Ndiyo maana nasema usiandike ndugu. Changanya watu watatu, badilisha kazi, badilisha jinsia. Hakuna atakayejiona.

Mzee wa Rasimu
Atajiona tu. Na ambaye hukumwandika kabisa naye atasema ni yeye. Bora kuomba ruhusa.

Kalamu Butu
Ruhusa ya jambo ambalo Binti mwenyewe hakulijua? Angeiombaje?

Binti Karatasi
Msigombane kwa ajili ya dada yangu. Tulipatana. Saa alinipa, ipo kwenye droo, haitembei. Kama nilifanya sawa sijui mpaka leo. Ninachoweza kumwambia Mtunzi ni kwamba miaka yote nilimtazama dada kwa alichotupa sisi. Sikuwahi kujiuliza alitaka nini.

Wino Mzito
Kumjua mhusika kuna hatari zake pia. Gustave Flaubert, mwandishi wa Ufaransa, alisimulia katika barua ya mwaka 1866 kwamba alipoandika jinsi Emma, mhusika mkuu wa riwaya yake Madame Bovary, anavyojitia sumu, ladha ya aseniki aliisikia mdomoni mwake mwenyewe, mpaka akatapika chakula cha jioni. Mtunzi, usifike huko, mlinzi wako mwache na afya yake. Ila jaribu hili: mwandikie barua aliyoshindwa kuituma. Usiiweke kwenye hadithi.

Mwalimu wa Jioni
Barua ni nzuri kwa wanaopenda kusema. Huyu anakesha peke yake getini, hana mazoea ya kumwaga moyo. Mtazame mikono. Mikono inafanya nini mdomo ukishindwa?

Mzee wa Rasimu
Au mnyang'anye kitu. Mpotezee funguo asubuhi hiyo hiyo, uone.

Mtunzi wa Usiku
Wakuu, nimerudi. Barua ilikataa, maneno yalikuwa yangu. Nikamfuata mwalimu nikaangalia mikono. Sanduku la mke zipu imeng'ang'ania kitambaa. Mke anavuta, haiendi. Mlinzi anapiga magoti, anaitoa uzi kwa uzi taratibu kwa ncha ya ufunguo, kisha analifunga sanduku mpaka mwisho. Hakumwambia abaki. Sikumtuma, naapa. Nimeogopa kidogo.

Nukta na Mkato
Uzi kwa uzi! Huyo sasa namwona.

Binti Karatasi
Nami namwona. Mke je? Amesimama pale juu yake, anaangalia kisogo cha mumewe muda wote huo. Yeye alitaka afanye nini?

Mtunzi wa Usiku
Mke ninalo jina lake tu. Narudi mezani.