Mjadala: Spika zisizo na sanduku ukumbini, zitampa jirani usingizi?

Pesa ya korosho ikiingia, sherehe Mtwara hufululiza na lawama za kelele huzifuata. Kuna fundi mmoja wa Chikongola anashauri kumbi ziachane na masanduku, spika zifungwe kwenye ubao ulio wazi nyuma. Si porojo. Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma inavuta, na mawimbi hayo yakikutana ubavuni yanauana. Kwa sauti ileile ya mbele, spika ya hivyo humwaga theluthi tu ya nguvu ambayo spika ya kutoa sauti pande zote ingeimwaga. Sebuleni naikubali. Ukumbini napinga.

Tatizo ni besi. Wimbi la hezi 100 (mitikisiko 100 kwa sekunde) lina urefu wa mita 3.4 hivi; ubao wa sentimita 60 hauwezi kulizuia, la nyuma linazunguka na kuuana na la mbele. Basi hata mbele sauti inakatika, desibeli 6 kwa kila oktavu unayoshuka, yaani kila hezi zinapopungua nusu. Ukiirudisha kwa amplifaya, koni ndiyo inayoumia: kutoka hezi 100 kwenda 50 kwa sauti ileile, ya sanduku lililozibwa hutembea mara 4 zaidi, ya ubao wazi mara 8. Ikipigwa singeli hapo, koili inayoisukuma koni itagonga kitako.

FUNDI, CHIKONGOLA: Mwalimu, nani kakwambia ubao ubebe hezi 50? Kazi hiyo ni ya krosova, kifaa cha kugawa sauti kwa kila spika. Chini ya hezi 120 inabaki sandukuni. Midi, spika ya sauti za kati, ya inchi 8 inakaa kwenye ubao mwembamba hadi hezi 1,000 na kidogo, kisha twita, kispika cha sauti nyembamba. Ukimpandisha midi wa inchi 12 huko juu, sauti inabana kama tochi na faida ya ubavuni inapotea. Mikato nafanya ya desibeli 24 kwa oktavu, ile ya wahandisi Linkwitz na Riley ya 1976, tena kabla ya amplifaya. Makoili makubwa ya shaba ya kukatia sauti baada ya amplifaya sitaki, ghali na yanakula nguvu.

JIRANI WA UKUMBI, MAGOMENI: Kaka fundi, hiyo besi unayoiacha sandukuni ndiyo inayotikisa vyombo vyangu! Uimbaji sijawahi kuulalamikia. Halafu mimi nyumba yangu iko nyuma ya jukwaa, siyo ubavuni.

MWANZISHA MADA: Dada kaiona kuliko sisi. Nyuma ya ubao wazi sauti ni kali sawa na mbele, ila imegeuzwa fezi: mbele ikisukuma, nyuma inavuta. Na bati la ukumbi linarudisha kelele hadi ule ubavu uliokuwa kimya.

FUNDI, CHIKONGOLA: Basi jukwaa ligeuzwe, ubavu umwelekee dada. Na besi nazo ziwe wazi, inchi 15 nne kila upande, zenye mwendo mrefu.

MWANZISHA MADA: Nane hizo, na amplifaya zake, kwa mwenye ukumbi anayebishania hela ya jenereta? Kushusha sauti saa sita usiku hakugharimu hata senti. Wenye kumbi mliomo humu, semeni: mngelipia?