Nimekatika vidole kazini, kiwanda kinataka tumalizane kimyakimya. Nichukue pesa au niende WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi)?

Kinyozi wa Uyole
Wakuu heshima kwenu. Naomba msinitukane, nina mawazo hata usingizi sipati.

Ni mfanyakazi wa kiwanda hapa Dar, mwaka wa 4 sasa. Mwezi wa 3 nikiwa zamu ya usiku mashine ya kusaga mabaki ya plastiki ilikwama. Nikaingiza mkono kutoa kipande, mwenzangu upande wa pili akawasha. Vidole 4 vya mkono wa kulia vikaenda, kikabaki gumba. Matibabu kiwanda kililipa, nisiwasingizie. Ila tangu nitoke hospitali wananipa 150,000 kwa mwezi, na mshahara wangu ulikuwa 420,000. Wiki iliyopita afisa utumishi kaniita, anasema watanipa milioni 3 ya kuniaga, nisaini kwamba sina madai tena.

Nichukue, au niende WCF? Na huko WCF wanaangalia nini? Makaratasi wanayakagua sana?

Mzee wa Mbao
Pole sana kijana. Mimi mwaka 1998 nilikuwa kwenye msumeno Mufindi, kidole cha pete kikaruka kama kipande cha muwa. Nilipewa pesa isiyofika laki, na shati. Mke wangu mpaka leo anadai nilifanya makusudi ili nisivae pete. Milioni 3 siyo haba, fuga kuku.

Bint Payroll
USISAINI.

Mimi kazi yangu ni mishahara, haya mambo nayashika kila mwezi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umeanza kazi Julai 2015, na anayechangia ni mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata senti. Maana yake fidia yako siyo hisani ya afisa utumishi. Ajali ikitokea, mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7. Wewe ukiwa nyumbani unauguza, unalipwa asilimia 70 ya mshahara, yaani kwako ni 294,000 kila mwezi, siyo hiyo 150,000, na inaweza kwenda hadi miezi 24. Ukishapona kidonda madaktari wanapima umepoteza uwezo wa kazi kwa asilimia ngapi. Ikiwa 30 kushuka chini unapewa mkupuo. Ikizidi 30 ni pensheni ya kila mwezi. Vidole 4 vya mkono wa kulia wa mtu anayeishi kwa mikono siyo mchezo.

Miezi 12 ikipita tangu ajali bila mwajiri wala Mfuko kujulishwa, haki inapotea. Kwako mwajiri anajua, na muda bado unao. Sasa kinachokuzuia ni nini?

Abuu Twalha
Watu hatuzimi mashine kwanza. Haraka haraka. Halafu tunasema ni mipango ya Mungu.

Mkaazi wa Athi River
Pole bro. Huku Kenya tuna WIBA, sheria ya fidia kwa walioumia kazini ya 2007, mwajiri ndiye hukata bima. Ukiharibika kabisa usiweze kazi tena, hesabu ni mishahara ya miezi 96. Lakini wakili naye atakula yake, usijidanganye.

Kinyozi wa Uyole
Nashukuru dada yangu. Kinachonizuia ni kwamba majina hayaendani kidogo.

Bint Payroll
Kidogo kiasi gani? Herufi moja? Hilo linarekebishika, leta cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA.

Kinyozi wa Uyole
Siyo herufi.

Mzee wa Mbao
Kuku wa kienyeji, siyo wa kisasa. Wa kisasa watakufilisi kwa dawa.

Mtoto wa Keko
Mkuu funguka. Watu wanakusaidia bure na wewe unawapa habari kwa kijiko.

Kinyozi wa Uyole
Haya, nasema.

Mimi fomu foo nilipata ziro. Mdogo wangu alipata daraja la 3, akabaki Mbeya bila kazi. Pale kiwandani walikuwa wanataka cheti, na NIDA yangu wakati ule ilikuwa haijatoka. Msimamizi wa zamu akaniambia lete hata cha ndugu, hapa tunatafuta mikono. Nikaingia kwa cheti na namba ya mdogo wangu. Mkataba jina lake, mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF jina lake, akaunti ya benki jina lake, kadi ninayo mimi. Hata faili la hospitali lina jina lake.

Sijaiba. Jasho ni langu, vidole ni vyangu. Na familia yote inajua, mama ndiye aliyetoa wazo.

Mtoto wa Keko
Mama tena!

Abuu Twalha
Kula kwa jina la mwenzio ni haramu hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Miaka 4 unaitwa jina siyo lako na unaitika.

Bint Payroll
Kaka, hili ndilo ulipaswa kuanza nalo. Kwa hiyo kisheria aliyekatika vidole ni mdogo wako, na mdogo wako ana vidole vyote 10. Daktari wa tathmini ataletewa nani?

Usichukue hatua yoyote kabla hujaonana na mwanasheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanasaidia wasio na uwezo bila malipo, anzia pale. Kiwanda nacho hakiwezi kujifanya malaika, msimamizi wao alijua na ajali hawakuripoti.

Kinyozi wa Uyole
Afisa utumishi nadhani anajua. Aliniambia "fikiri vizuri, tukianza kufukua tutafukua mengi". Ndiyo maana naogopa.

Ila kuna jamaa ana stationari jirani na hapa, haya mambo anayajua. Ananitengenezea kiapo kwamba majina yote mawili ni yangu, mtu mmoja, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha kuendana nacho. Laki 4. Nimeshampa laki na nusu.

Mtoto wa Keko
Kishoka huyo, tapeli wa makaratasi! Umeshaliwa.

Bint Payroll
Kiapo cha uongo ni jinai. Unatoka kwenye tatizo linaloelezeka unaingia kwenye kesi. Na ile namba ya NIDA ina alama za vidole za mdogo wako.

Kinyozi wa Uyole
Hilo nimelifikiria. Vidole vya kulia sina, watalinganisha na nini? Kwa upande huo naona ni nafuu.

Bint Payroll
Wanachukua mikono yote miwili.

Kinyozi wa Uyole
Sikulijua hilo.

Fao la Kujitoa
Mimi naona anahangaika bure na WCF, aende NSSF kwenye pensheni ya ulemavu. Michango 180, au 36 ambayo 12 kati yake ni ya karibuni kabla ya kuumia. Miaka 4 ni miezi 48, michango ipo. Ila lazima bodi ya madaktari iseme umepoteza theluthi 2 ya uwezo wa kujipatia kipato, na hapo ndipo pagumu. Yangu mimi walinizungusha kwenye michango tu, mwajiri alikuwa anakata na hapeleki. Miezi 9 naenda narudi. Hebu niwaambie jinsi ilivyokuwa...

Bint Payroll
Hiyo michango ni ya nani, ndugu? Ni ya mdogo wake.

Fao la Kujitoa
Aa. Kweli.

Jicho la Tai
Wakuu, hii hadithi ni ya kutunga, mnakunywa chai hapa na vitumbua juu.

Nimepitia nyuzi zake za zamani. Februari aliuliza mashine gani ya kunyolea haichomi ngozi. Mwaka jana alikuwa anatafuta fremu Uyole, Mbeya. Leo yuko Dar miaka 4 kiwandani! Na mtu aliyekatika vidole vya kulia anaandika insha ndefu hivi bila kosa? Kaandikia nini, ulimi?

Mtoto wa Keko
Duh. Na mimi nilishaanza kusikitika.

Mzee wa Mbao
Ndiyo maana hajajibu la kuku.

Kinyozi wa Uyole
Naandika kwa gumba la kushoto. Ile ya mwanzo ilinichukua tangu saa 2 usiku mpaka saa 5, mke wangu akanisahihishia. Hayo ya kunyoa siyo mimi. Akaunti hii ni ya mdogo wangu, alinifungulia kwenye simu yake ya zamani.

Jicho la Tai
Yaani hata HUMU unatumia jina la mdogo wako??

Mtoto wa Keko
😂😂😂 Nimeanguka kitandani.

Mkaazi wa Athi River
Wabongo nyinyi ni wa Mungu.

Abuu Twalha
Mnacheka, lakini kama ni kweli mtu ana watoto.

Kinyozi wa Uyole
Salaam. Mwenye akaunti ndiye mimi, niko Uyole, nimeingia kwa simu yangu nikakuta uzi wenye jina langu.

Kaka, ungenipigia. Hiyo habari ya kiapo sikuijua, na mama haijui. Hukuniuliza kwa nini tangu Julai nakupigia hupokei. Nimepata kazi ya stoo, ya mkataba, ya kwanza maishani mwangu. Walipoingiza namba yangu ikaleta kwamba nina mwajiri Dar na michango ya miaka 4. Wakaniuliza nimeacha kazi lini, nikakosa la kusema. Wamenipa mpaka Ijumaa.

Jicho la Tai
Chai imeongezwa sukari. Mtu mmoja anajibizana mwenyewe.

Bint Payroll
Jicho la Tai kaa pembeni kidogo. Nyie wawili, yupi kati yenu anaweza kunitumia ujumbe inboksi leo? Na ile laki na nusu ikafuatwe, karatasi yoyote yenye jina la huyu mdogo isitoke pale stationari.

Kinyozi wa Uyole
Nimepokea. Nipo nje ya stationari sasa hivi, amefunga.

Mzee wa Mbao
Huyu aliyejibu ni yupi?