Nianze na lipi ili kushusha bili ya umeme: sola, friji mpya, hita ya jua au dari?

Baba_Watatu
Wakuu, habari za humu. Naombeni ushauri, bili ya umeme imeshanielemea. Nyumba yetu ya watu watano inakula wastani wa uniti 12 kwa siku. Tuna hita ya maji ya tangi lita 80, friji la miaka 15, kiyoyozi kimoja chumbani, taa (nne bado ni bulbu za zamani za wati 60), pasi, televisheni na vidude vingine. Kupika tunapikia gesi.

Akiba yangu inatosha kitu kimoja tu: mfumo mdogo wa sola na betri zake, au friji mpya yenye kompresa ya inveta, au hita ya maji ya jua, au dari yenye kizuizi cha joto chini ya bati, maana kuanzia saa nane mchana chumba kinakuwa tanuri. Mke wangu anataka friji. Mimi moyo wangu uko kwenye sola. Ingekuwa ninyi, mngeanza na lipi?

Jua_Kali
Sola, mkuu, usijiulize mara mbili. Paneli nne za wati 400, ukipata jua zuri kwa muda wa saa tano, ukitoa kinachopotea kwenye waya, vumbi na betri, unabaki na kama uniti 6 kwa siku. Hiyo ni nusu ya matumizi yako! Na paneli zinadumu zaidi ya miaka 20. Mimi nimefunga na sijajuta.

Fundi_Nyaya
Ndugu Jua_Kali, hesabu yako ya paneli naikubali. Ninachobisha ni mpangilio. Ukifunga sola kwenye nyumba inayovuja umeme, unanunua paneli za kulisha uvujaji.

Baba_Watatu, kitu chochote kinachotengeneza joto kwa umeme ndicho kinachotafuna bili. Tuchukue maji. Kupandisha lita moja nyuzi moja kunahitaji takriban wati-saa 1.16. Watu watano wakioga lita 30 kila mmoja, maji yakitoka nyuzi 20 hadi 40, ni 150 mara 20 mara 1.16. Hiyo ni karibu uniti 3.5 kila siku (uniti moja ni wati-saa 1,000), na bado hujahesabu joto linalotoka kwenye ukuta wa tangi usiku kucha wakati hakuna anayeoga.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wa sola huwa hawalisemi mapema. Elementi ya hita yako, yaani kile chuma kinachopasha maji, nadhani ni kilowati 2 hadi 3. Mfumo mdogo wa sola hauibebi, inveta itazima. Kwa hiyo utafunga sola, na hita itabaki palepale kwenye umeme wa mita. (Tusichanganye: inveta ya sola hugeuza umeme wa betri, ila friji ya inveta ni ile ambayo kompresa yake huongeza na kupunguza kasi badala ya kuwaka na kuzima.)

Kabla hujatoa pesa, pima. Hita na kiyoyozi mara nyingi havina plagi, kwa hiyo tumia mita ya nyumba yenyewe. Usiku mmoja zima kila kitu, acha hita tu, soma mita saa nne usiku na tena saa kumi na mbili asubuhi kabla mtu hajafungua maji. Kwa friji, nunua au azima kile kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, ukiache siku nzima, maana friji huwaka na kuzima.

Bi_Mdogo
Kaka, kuhusu friji nina la kusema, maana nusura ninunue jipya bure. Langu lilikuwa linanguruma mchana na usiku. Fundi akaniambia nichukue karatasi, niifungie mlangoni, kisha niivute. Ikatoka bila ubishi wowote. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa. Tulibadilisha mpira, tukafuta vumbi kwenye mabomba ya nyuma, tukalisogeza mbali kidogo na ukuta. Sasa kuna nyakati friji linanyamaza kabisa, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau.

Na uangalie joto: nyuzi 4 kwenye friji lenyewe na -18 kwenye friza zinatosha. Watu wengi wanazungusha kitasa hadi mwisho wakidhani chakula kitakaa zaidi.

Mpangaji
Sisi wapangaji hatuna uwezo wa kugusa paa, kwa hiyo nimejifunza kubana kwa vitu vidogo. Bafuni nimefunga kichwa cha shawa kinachopunguza mtiririko. Kila lita isiyomwagika ni lita isiyochemshwa. Hita nilikuta imewekwa nyuzi 75, nikashusha hadi 60. Naomba msishuke chini ya hapo kwenye hita ya tangi, kuna bakteria wanaoishi kwenye maji ya uvuguvugu na wanaleta ugonjwa wa mapafu.

Na hizo bulbu nne, kaka yangu, zitoe leo hii. LED ya wati 9 inatoa mwanga sawa na ile ya 60. Zikiwaka kwa muda wa saa tano kila jioni, unaokoa karibu uniti moja kwa siku. Hakuna kitu kwenye orodha yako kinachorudisha pesa haraka kama hicho.

Baridi_Fundi
Upande wa kiyoyozi nichangie, ndiyo kazi yangu. Dari si anasa. Bati likipigwa na jua hupasha hewa iliyo chini yake, joto linashuka chumbani, na kiyoyozi kinabaki kupambana na paa badala ya kumpoza mtu. Nimeitwa mara nyingi kuambiwa "kiyoyozi kimeisha gesi", nikikagua gesi iko kamili, chujio limeziba vumbi na chumba hakina dari. Safisha chujio kila mwezi. Kama dari haiwezekani sasa, paka bati rangi nyeupe, inarudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua.

Jambo jingine: weka nyuzi 26 na uwashe feni. Feni haipozi chumba, inapoza ngozi ya mtu aliyemo, lakini inakula kama wati 60 tu. Ukitoka chumbani izime.

Jua_Kali
Fundi_Nyaya, hapo kwenye elementi umenigusa. Kusema kweli, kwangu hita ya umeme niliiondoa kabla ya kufunga sola, ndiyo maana mfumo unanitosha. Hilo sikulisema pale juu na nilipaswa kulisema.

Baba_Watatu
Nimerudi, wakuu. Nimepima kwa siku tisa.

Hita: uniti 4.8 kwa siku. Ule usiku wa majaribio, bila mtu kugusa maji, ilikula 0.4 ndani ya saa nane. Kwa hiyo uniti 1.2 kila siku zinapotea hewani tu. Nililigusa tangi, lina joto kama mgongo wa mtoto mwenye homa. Kiyoyozi 3.2. Friji 1.9. Zile bulbu nne 1.2. Vilivyobaki vyote, pamoja na pasi, havifiki uniti moja.

Sikutegemea. Miaka yote hii nimekuwa nikiwakemea watoto kwa sababu ya televisheni.

Bulbu nimeshabadilisha. Karatasi ya Bi_Mdogo ilitoka mlangoni bila kuvutwa, tumeweka mpira mpya na friji limeshuka hadi 1.5. Nimemwonyesha mke wangu namba: friji jipya la ukubwa huo, kwa vipimo nilivyoona, lingekula kama 0.8, kwa hiyo lingeokoa 0.7 tu zaidi. Amekubali tusubiri. Akiba inaenda kwenye hita ya jua, bati tutalipaka rangi wenyewe, na sola itakuja baadaye ikiwa na mzigo mdogo wa kubeba.

Swali la mwisho: siku za mawingu tutaogaje?

Fundi_Nyaya
Hongera kwa kupima, wengi huishia kusoma ushauri. Hita nyingi za jua zina elementi ya akiba kwa siku kama hizo. Nakuomba tu usiiache iwake yenyewe. Ifungie swichi yake yenye taa nyekundu, mahali ambapo kila mtu anapita, na kipima muda kitakachoizima baada ya saa moja. Nimeona nyumba zenye hita nzuri ya jua juu ya paa na bili ileile ya zamani, kwa sababu elementi iliwashwa siku moja ya mvua na hakuna aliyekumbuka kuizima.

Na tangi, popote litakapokaa, mabomba ya maji moto yavishe sponji. Lile la kwako la zamani halikuwa nayo, sivyo?

Baba_Watatu
Halikuwa nayo. Bomba lilikuwa halijavishwa kitu kutoka kwenye tangi hadi bafuni, mita sita.